Jibu Lililokuja Upesi

Siku nilipostaafu mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru, ingawa bado sijaelewa kwa nini mtu anayeambiwa asifike tena kazini apewe saa. Nimeitundika sebuleni, na inakwenda mbele dakika nne. Mliniomba pia niandike niliyoyaona, kwa faida ya wale waliokuja juzi na kudhani kwamba kazi ya kutafuta watu ilianza na tovuti. Basi naandika. Habari za vyeo nitaziruka, maana vyangu vingetosha mstari mmoja.

Mnanijua wote kwa jina la Mama Mwavita. Nilizaliwa Alunguli, na kila asubuhi nilivuka mto kwa mtumbwi kuja kazini mjini Kindu. Kitu kimoja hamkukijua, na nitakisema mapema ili nisije nikaogopa njiani. Katika miaka yote niliyoandika majina ya waliopotea, kuna jina moja sikuliingiza kwenye mashine. Ni la mdogo wangu, Feza.

Vita vilipoanza Feza alikuwa na miaka kumi na tisa. Shangazi yetu wa Pangi aliugua, akaitwa kwenda kumuuguza. Asubuhi ya safari alikuwa ananisuka nywele, na dereva wa lori akapiga honi tukiwa nusu ya kichwa. Akacheka, akachukua mfuko wake. "Utakaa nusu nusu, dada. Jumamosi narudi namalizia." Jumamosi barabara ilikuwa imekwisha kufungwa. Nilikaa na kichwa kile wiki tatu, mpaka mama aliponifumua kwa nguvu.

Miaka ile reli ilikatika, na barabara zikawa mali ya wenye bunduki. Aliyekuwa Kindu, na ndugu yake yuko Pangi, Tunda au Kabambare, alikuwa na njia moja tu ya kupata habari, nayo ni fonia. Ninyi wa leo mtaona ni kitu cha ajabu: redio ya kuongea mbali, betri ya gari, kipaza sauti cha mkononi, na waya mrefu uliofungwa kati ya michikichi miwili. Watu walipanga foleni dirishani. Kila mmoja alitoa jina la anayemtafuta, sisi tukaliita hewani, na mwenzetu wa kituo kingine akafungua daftari lake kuona kama mtu huyo amepita kwake. Niliomba kazi hiyo kwa sababu moja, nayo mnaijua sasa.

Aliyenipokea ni Mzee Ramazani, mtu wa telegrafu ya reli tangu zamani. Alikuwa mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi, na hakuwahi kuniita kwa sauti kubwa hata siku moja. Siku yangu ya kwanza alinikalisha dirishani, akatoka nje. Fonia ilikuwa kimya. Nikadhani ndivyo inavyokuwa asubuhi. Akaja baba mmoja kuuliza habari ya mwanawe aliyekuwa Tunda.

"Hakuna habari, baba," nikamjibu kwa adabu zote.

Yule baba akavua kofia, akashukuru, akaondoka. Mzee Ramazani akatokea nyuma ya nyumba akiwa ameshika waya wa betri. Aliuchomoa yeye mwenyewe.

"Umemuambia nini yule baba?"

"Nimemuambia hakuna habari."

"Umesikia wapi kama hakuna? Fonia imekufa, na weye unajibia Tunda! Kimbia, umurudishe."

Nilimkimbilia hadi kivukoni, nikamkuta mguu mmoja uko ndani ya mtumbwi. Nikamwambia fonia ilikuwa imekufa na hatukuuliza lolote. Alirudi na kofia yake mkononi. Mpaka leo nakumbuka jinsi alivyoivaa tena, taratibu, kwa mikono miwili.

Kuanzia hapo nilifundishwa kazi. Mzee Ramazani alikuwa na ubao mweusi uliovunjika pembe, alioutoa kwenye shule iliyoungua. Fonia ikifa, hakufunga dirisha wala hakujificha. Aliandika ubaoni kwa chaki: "Fonia imekufa tangu saa mbili. Majina tunapokea. Majibu ya jana yako hapa. Rudi saa tisa." Kisha aliendelea kupokea watu. Majina mapya yaliingia kwenye daftari la kungoja, kwa mpangilio wa kuja kwao, na fonia ikifufuka tuliyaita hivyo hivyo, bila kumrusha mtu. Majibu yaliyokwisha kuja tuliyasoma tukitaja siku yalipokuja. "Jana aliandikwa yuko Kabambare" ni neno la kweli. "Yuko Kabambare" siku ambayo hukuongea na Kabambare ni uongo, hata kama kweli yuko.

Kila ukurasa tuliuandika juu ya karatasi ya kaboni. Nakala nilivuka nayo mimi kila jioni kwenda Alunguli, ili daftari la mjini likiungua, lingine liwe ng'ambo ya mto. Akiba haiozi, wanasema. Aliyesema hivyo hakuwa na mchwa wa Alunguli, kwa hiyo niliitunza kwenye kopo la biskuti. Na mara kwa mara, bila kutuambia siku, mzee alichomoa ule waya, akakaa nyuma ya nyumba kusikiliza tunavyojibu watu. Tulimchukia kidogo kwa ajili ya waya huo. Leo ningetoa saa yenu, na ukuta wake, nimsikie tena akikohoa kule nyuma.

Jina la Feza niliuliza mara moja tu. Sheria ya mzee ilikuwa kwamba mwenye kipaza sauti awaulizie watu wake mwisho, baada ya foleni yote, na foleni ilikuwa haiishi. Siku moja iliisha. Nikaita Pangi. Sauti ya mwanamume niliyemjua kwa sauti tu ikaitika.

"Pangi, natafuta Feza, binti Saidi, mutu wa Alunguli. Fungua daftari yako, tafazali."

"Haiko."

Lilikuwa neno moja tu, kwamba hayuko, kisha kelele za hewani, kisha kimya. Kituo cha Pangi hakikusikika tena mpaka vita vikaisha. Nilibaki nimebana kidude cha kuongelea, kidole kimekufa ganzi. Mzee Ramazani alikuwa amekaa karibu, akafuta miwani yake.

"Yule hakufungua daftari," akasema. "Nimesikiliza. Jibu limekuja mbio. Hata kunyanyua jalada muntu anachukua muda kuliko ule. Usiandike haiko. Andika haijajibiwa."

Nikaandika: haijajibiwa. Aliyasema yale kwa huruma, na mimi niliyashika kama mtu anavyoshika kamba akiwa majini. Lakini usiku na mchana nilimsikia yule mwanamume akisema neno lake.

Vita viliisha pole pole. Mzee Ramazani alitangulia mbele ya haki kabla ya reli kulia tena, na madaftari yetu yakahamia ofisini kwenu, kwenye ile nyumba yenye kompyuta. Akaja Amisi, fundi wa mashine, aliyesomea Kisangani. Wengi wenu mmefundishwa naye. Tulikaa naye miaka, mimi nikisoma daftari, yeye akiandika, majina yote yakaingia kwenye baze. Baze, kwa wale wanaoogopa kuuliza, ni daftari lililo ndani ya mashine, na tovuti ni dirisha lake. Mtu wa Kibombo mwenye simu aliweza kuandika jina la ndugu yake na kupata jibu bila kupanda mtumbwi. Niliona kazi ya mzee wangu imefika mbali. Ila nilipofikia ule mstari wa Feza kwenye daftari, niligeuza ukurasa. Nilijua nikiliingiza jina lile, siku moja nitalitafuta, na nikilitafuta, mashine itanijibu.

Sasa niwaambie kosa kubwa, maana wengi mmelisikia kwa juu juu na mnamlaumu Amisi peke yake.

Asubuhi moja alikuja mama mmoja kutoka kijiji cha mbali huko Pangi. Aliitwa Mama Safi. Alikuwa akimtafuta mwanawe, Kalume, waliyepotezana wakikimbia vita. Simu hana, kusoma hajui. Nilimpokea mimi. Niliandika jina mbele yake, nikabonyeza, na ukurasa ukasema: "Hakuna mtu wa jina hilo." Nikamsomea. Akauliza kama mashine inajua watu wote, nami nikamwambia inajua wote tuliowaandika. Akafunga kanga yake vizuri, akaniaga.

Baada yake nikamsomea mtu wa pili neno hilo hilo. Wa tatu alikuwa mzee aliyeleta jina ambalo niliingiza mimi mwenyewe juzi yake. Nikabonyeza. Hakuna. Hapo ndipo nilipogundua kitu kilichokuwa kinanisumbua tangu asubuhi: majibu yalikuwa yanakuja upesi mno. Mtandao wetu wa Kindu mnaujua, unabonyeza halafu unapata nafasi ya kumaliza nusu ya chai. Asubuhi ile, kidole kilikuwa hakijanyanyuka, jibu limefika. Nikaingia kwa Amisi bila kubisha hodi.

"Amisi, nani amefungua daftari?"

"Daftari gani, Mama?"

"Ile ya ndani ya mashini. Majibu inakuja mbio."

"Si njo muzuri? Rezo ya mtandao imekuwa mbio leo."

"Siyo muzuri. Angalia."

Akaangalia. Niliona mabega yake yakishuka. Baze ilikuwa imeanguka tangu saa moja, na tovuti ilikuwa inaendelea peke yake, ikijibu watu bila kuwa na chochote cha kusoma. Amisi alikuwa ameipanga hivyo: ikikosa jibu la baze, ihesabu sifuri, na sifuri ikasema hakuna.

"Nilifanya vile juu watu wasione makosa mekundu," akasema. "Nilisema itakuwa na heshima."

Ningemkemea, lakini nilimkumbuka yule baba na kofia yake. Kosa la Amisi lilikuwa kosa langu la siku ya kwanza, ila yeye hakuwa na mtu nyuma ya nyumba. Akaifufua baze, nikakaa, nikaandika Kalume, mwana wa Safi. Ilichukua muda. Kisha akatokea: yupo Tunda, aliandikisha jina mwenyewe mwaka uliopita, anamtafuta mama yake.

Kijiji cha Mama Safi hakina mtandao. Kesho yake sikuvuka kuja kazini, nikapanda pikipiki. Mvua ilituzuia njiani, daraja la magogo lilikuwa limekwenda na maji, na tulifika siku ya tatu mchana. Kabla ya kuona nyumba niliona moshi. Uani kulikuwa na moto wa matanga, wanawake wamekaa kwenye mikeka, na Mama Safi katikati yao, kichwa kimenyolewa. Mficha maradhi, kilio humfichua. Sisi tulificha maradhi ya mashine, na kilio kilikuwa hapa, kwenye uwanja wa mtu asiyejua hata mashine ni nini.

"Karibu, mama wa ku dirisha," akaniambia. "Aksanti kuja kulia na sisi."

"Mama Safi, sikuje kulia. Nimekuja kuomba musamaha. Siku ile mashini ilikuwa imekufa. Haikutafuta kitu, na mimi nikakuambia hakuna. Kalume ameandikwa. Iko Tunda, anakutafuta. Aliandika mwaka jana, ya leo siijui. Lakini ile hakuna nilikuambia ilikuwa uongo."

Mama Safi akapeleka mkono kichwani, akapapasa.

"Nywele yangu," akasema. "Atanikuta bila nywele."

Kisha akacheka na kulia kwa pamoja, na wanawake wote wakamwangukia. Kaka yake mkubwa alinyanyuka, akachukua ndoo, akaumwagia moto wa matanga maji. "Moto huu hauna mwenyewe," akasema, akanigeukia, wala hakunitukana, na ningependa angalau angenitukana. Kalume alikuja kweli, baada ya mwezi, na kuku wawili. Mmoja alikuwa wangu, na nilimla kwa aibu.

Nikiwa njiani kurudi nilipita Pangi. Baada ya vita nilikwisha kufika pale mara moja, nikakuta shangazi amekufa, nyumba yake imekuwa shamba la mihogo, na jirani hata mmoja hayupo. Safari hii nilimkuta mmoja amerudi, Mama Tabu. Akanitambua kwa uso.

"Weye ni dada ya Feza. Siku tulikimbia, alisema tumungoje. Alipita kwanza kwa muntu wa fonia, akasema anaacha neno ya dada yake wa Kindu. Kiisha tukaachana ndani ya pori."

Basi kulikuwa na neno, na yule mwanamume wa Pangi alikuwa nalo kwenye daftari lake, au hakuwa nalo. Daftari hilo lilikuwa wapi, Mama Tabu hakujua.

Ofisini tulianza upya. Amisi aliandika kwanza, "Samahani kwa usumbufu." Nikamwuliza usumbufu gani, kwani mtu ameachwa na basi? Tukakaa mchana mzima tukiugeuza ubao wa Mzee Ramazani kuwa ukurasa, na maneno ni hayo mnayoyaona hadi leo: "Daftari letu limefungwa tangu saa fulani. Hatujatafuta jina lako. Hili si jibu. Acha jina hapa, na daftari likifunguliwa mtu atalitafuta na kukupigia simu." Chini yake Amisi akaweka nakala ya majina ya jana, yenye siku yake juu. Majina mapya yanakaa kwenye foleni na kuingia kwa zamu baze inapofufuka. Nakala nyingine inatunzwa ng'ambo ya mto, na safari hii mchwa hawaipendi.

"Maneno ni mingi, Mama," Amisi alilalamika.

"Muntu aliyepoteza wake anasoma yote."

Nikamwongezea kazi moja. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, saa tatu asubuhi, Amisi anaizima baze kwa makusudi kwa saa nzima, tuone ukurasa unajibuje na ninyi mnajibuje. Najua mnaichukia Jumanne hiyo. Mjue tu kwamba mimi niliupenda ule waya kwa kuchelewa.

Mwaka wangu wa mwisho lilifika sanduku la bati kutoka Pangi. Lilifukuliwa chini ya sakafu ya nyumba, na ndani yake kulikuwa na madaftari ya fonia yaliyolowa na kushikana. Niliwaambia macho yangu yamechoka, kazi ile afanye mwingine. Macho yangu ni mazima. Niliogopa. Miaka yote nilikuwa na neno langu, haijajibiwa, nikaishi nalo, nikalala nalo, na sanduku lile lilikuja kuninyang'anya.

Nyumbani hapa siku ni ndefu. Nakosa foleni, nakosa harufu ya kaboni vidoleni, nakosa hata kelele za hewani. Zaidi ya yote namkosa mtu wa kunimalizia nywele, nimsikie akinicheka, hata kama zimekuwa nyeupe. Wiki iliyopita ndipo nilipofikiri: ninyi mmejenga dirisha ambalo mtu anaweza kuliachia jina bila kujibiwa papo hapo, na najua siku na saa linapofunguka, kwa sababu niliipanga mimi.

Jumanne ya kwanza ya mwezi huu nilikwenda nyuma ya nyumba, mahali pekee ambapo mtandao unafika. Saa yenu ilikuwa imesema saa tatu. Nikangoja dakika nne. Nikafungua tovuti, na maneno yangu mwenyewe yakanipokea: hatujatafuta jina lako, hili si jibu. Nikaandika. Feza, binti Saidi, wa Alunguli. Mara ya mwisho: Pangi. Anayemtafuta: dada yake. Mahali pa maelezo mengine niliandika kwamba alisema atarudi Jumamosi. Nikabonyeza, na simu ikaniponyoka, ikaanguka kwenye majani.

Saa nne na nusu Amisi akapiga.

"Mama Mwavita, jina yako imefika. Huyu Feza ni nani?"

"Ni mudogo wangu."

"Miaka yote hii, Mama?"

"Miaka yote."

"Ku mashini haiko, nimetafuta mara mbili. Lakini daftari za Pangi hatujaziingiza. Tumezikausha, ziko hapa ku meza. Nifungue?"

Kulikuwa na kinu kimelala pale. Nikakikalia.

"Fungua."

Nilisikia kiti kikivutwa, kisha karatasi, moja, kisha nyingine.

"Zimeshikana, Mama. Njo nazipanua polepole."

"Amisi," nikamwambia, "usinijibu mbio."